Gari Nyekundu Nilitolewa Mahari

Wenzangu wote walitolewa ng'ombe. Mimi nilitolewa gari. Tena si gari ya kubeba watu, si lori ya mchanga. Gari nyekundu ya milango miwili, ya mashindano, imekaa chini kama sahani, ukitaka kuingia unaanza na matako halafu miguu inafuata baadaye kama wageni. Injini yake ilikuwa mgonjwa siku ilinunuliwa, na ilikuwa mgonjwa siku ilinitoa kwetu. Mzee wangu Odera tumemzika mwaka huu, mvua ikianza, na kwa matanga watu walitaka niwaambie hiyo hadithi. Nikawaambia nikicheka, kwa sababu nimezoea kuisema nikicheka. Lakini watu wakishaenda, viti ya kukodi ikisharudi kwa mwenyewe, unabaki na nyumba, na nyumba ikinyamaza mambo ya zamani yanakuja kukaa na wewe bila kubisha. Miaka yote hiyo nilikuwa na swali moja. Sikuwahi kumuuliza vizuri, nilikuwa namuuliza kama mzaha tu: Odera, siku ile ulinichagua mimi, ama uliacha gari kwa sababu ilikuwa imekufa?

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mimi nikiwa na miaka ishirini na kitu, na hiyo kitu usiniulize. Tulikuwa tunakaa chumba moja Manyatta, huku Kisumu. Kitanda huku, jiko ya makaa mlangoni, katikati pazia ya maua ambayo mimi nilikuwa naita ukuta. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Mchana nakaanga samaki kando ya barabara kule Kibuye, na Odera alikuwa dereva wa Mhindi mmoja wa duka ya mabati. Jioni tunakula ugali na kichwa ya mbuta, maana mwili nimeuza. Odera anafyonza jicho ya samaki, anafunga yake, halafu anasema kwa ile sauti yake ya kutoka chini ya tumbo, "Nyar Asembo, binti wa Asembo wewe, mwaka huu ng'ombe inaenda kwenu." Ng'ombe zenyewe zilikuwa nne, kwa mjomba wake karibu na Sondu, amezinunua moja moja. Nilikuwa nazijua zote kwa rangi na kwa tabia, na sikuwa nimeona hata moja.

Mtu hajui desturi yetu atauliza, ng'ombe ya nini na tayari mnakula sahani moja? Ni hivi. Kama ng'ombe haijafika kwenu, wewe ni mgeni kwa huyo mwanaume hata ukipika miaka kumi. Mama yangu alikuwa analeta samaki kavu kutoka Asembo Bay, anauza sokoni, halafu anapita kwangu. Haingii. Anasimama nje na kikapu kwa kichwa, anaongea na mlango. Namwambia, "Mama, ingia ukunywe hata maji." Yeye, pole pole, kama mtu anahesabu omena, wale dagaa wadogo, "Nitakunywa, mwanangu. Wacha ng'ombe wanitangulie." Halafu anaenda zake kwa jua. Na huko nyumbani dada yangu mdogo, Atieno, alikuwa na mchumba, mwalimu mzuri wa kuvaa soksi, lakini mdogo hawezi kuolewa mbele ya mkubwa. Mimi ndiyo nilikuwa nimeziba njia, kama lori imeanguka kwa daraja.

Sasa Mhindi wa mabati alikuwa na kijana wake mwenye alikuwa anashindana na hiyo gari nyekundu kwa vumbi. Hiyo familia ikaanza kufunga vitu, wanahama. Siku moja ya Jumamosi, niko na karai ya mafuta kwa moto, nikasikia kitu inanguruma kama simba amekanyagwa mkia. Ikasimama mbele ya samaki yangu. Mlango ikafunguka, mguu mmoja ikatoka, nikajua kiatu kabla nijue mtu. Odera. Amevaa miwani ya jua. Nikamwuliza, "Ya nani?" Akasema, "Yetu." Nikamwuliza, "Tumenunua na nini?" Hapo akatoa miwani, akaanza kuipanguza na shati, akaipanguza, akaipanguza. Mtu akipanguza kitu safi hivyo, ujue. Nikasema, "Odera. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Alikuwa ameuza wote wanne, siku moja ya soko Sondu, asubuhi. Hiyo jioni tuligombana mpaka jirani akaacha kusikiliza akaanza kuchangia. Odera alikuwa na maneno yake amepanga. "Ng'ombe inakula, inaugua, inakufa," akasema. "Hii hainywi maziwa ya mtu. Hii itabeba maharusi, kila Jumamosi harusi, mwaka ikiisha nakuletea ng'ombe kumi." Jirani akasema kutoka ng'ambo, "Hapo Odera amefikiria." Nikamwambia jirani afikirie mke wake. Hakuna mtu alikula hiyo siku, na ugali ikakauka mpaka ukiigonga inajibu.

Yule kijana wa Kihindi aliiuza akiisifu, mimi nilikuwepo siku alileta karatasi yake baadaye: "Odera bhai, gari mzuri kabisa! Injini naimba. Wewe pa yeye maji, pa yeye mapenzi, basi." Odera akasikia mapenzi, hakusikia maji. Ile maji ndiyo ilikuwa ugonjwa. Rafiki yake Njoroge, fundi, Mkikuyu alikuja Kisumu kutafuta maisha akapata grisi, aliweka bisibisi kwa injini na sikio kwa bisibisi, kama daktari. Akafunga macho. Njoroge na ile herufi ya L hawakuwahi kusalimiana. Akasema, "Odera, hii ngari iko na homa. Hii itarara njiani." Ilikuwa inaenda vizuri mwendo wa kutoka hapa mpaka uchoke kuisifu, halafu inachemka, inatoa moshi nyeupe, inazima. Na ikizima na joto, haiwaki tena mpaka ipoe. Saa ingine inapoa na bado inakataa. Njoroge alifungua hiyo injini mara tatu. Akaondoa kichwa yake, akaipeleka kusawazishwa, akabadilisha gasketi, akabadilisha mipira, akabadilisha mpaka maombi. Inapona wiki moja, inarudia.

Harusi ilibeba moja tu, ya kule Ahero. Katikati ya mashamba ya mpunga ikaanza kutoa moshi kwa pua, na bibi harusi ndani na shela yake. Mama ya bibi harusi akapiga kelele, "Yawa! Mtoto anapikwa!" Bibi harusi alifika kanisani kwa trekta. Tangu hapo watu Kibuye wakinipita wanauliza, "Mama samaki, leo mnasukuma saa ngapi?" Na nilikuwa nasukuma kweli, na aproni ya mafuta, Odera ndani ameshika usukani kama mtu wa maana. Lakini niseme ukweli, kwa sababu sasa sina mtu wa kuficha. Siku ikikubali, jioni tunateremka mpaka ziwa, tunasimama hapo, injini inanguruma kidogo kidogo chini ya miguu, na Odera ananyamaza. Anaweka mkono kwa dashibodi vile mtu anaweka mkono kwa mgongo wa mtoto amelala. Sijawahi kuona mwanaume akipenda kitu hivyo. Nilikuwa naangalia huo mkono na nasikia wivu, wivu ya chuma.

Mwaka ukielekea mwisho, baba yangu akatuma neno: Odera aje aonekane, aseme ng'ombe ziko wapi, kama hana, binti arudi. Odera akasema twende na gari, wakwe waone yeye si mtu bure. Tukatoka asubuhi wanne: yeye, mimi, mjomba wake wa Sondu mbele na kofia, na Njoroge nyuma karibu yangu, amebeba madumu ya maji kwa magoti. Kila mto tunasimama kunywesha. Mjomba akasema, "Hata ng'ombe hazikunywi hivi." Tukafika saa sita, tukaingia lango ya boma na moshi kama jiko inatembea. Watoto wakakimbia, halafu wakarudi. Gari ikazima yenyewe katikati ya boma, mbele ya nyumba ya mama yangu, ikatoa sauti moja kama mtu mzee ameketi.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani ovyo, kwa hivyo mama alikuwa jikoni na mimi, na wanaume kwa nyumba kubwa. Kuku tatu, ugali, samaki ya kupaka. Ukuta ya jikoni ilikuwa ya udongo, na pahali moja panya alikuwa ametusaidia. Nikaweka sikio. Mzee Ogola, ndugu ya baba, ndiyo alikuwa msemaji. Huyo alikuwa anaongea kama anatema mifupa, na shida kwake ilikuwa sida, na kila kitu ilikuwa sida. "Mkwe," akasema, "tumekula. Sasa sida ni moja. Tumeona mkwe, tumeona mjomba, tumeona Mkikuyu. Ng'ombe hatujaona." Odera akaeleza habari ya harusi kila Jumamosi, akasema ng'ombe wote wanne wako ndani ya ile chuma. Nikasikia mtu anakunywa maji muda mrefu. Baba akasema tu, "Wakati ni wa Mungu, lakini msichana ni wangu." Mama alikuwa anakoroga mboga yenye ilikuwa imeiva zamani.

Sasa sikiliza. Mkwe halali kwa wakwe kama mambo haijaisha. Jua ikianza kuinama lazima atoke. Saa kumi wakatoka nje, wakamwaga maji kwa redieta, Odera akajaribu. Ng'wee, ng'wee, ng'wee. Hakuna. Watu wote wakaja kusukuma: kaka zangu, majirani, watoto, Njoroge akiimba "moja, mbiri, tatu!" Gari ikazunguka boma mara nne kama inatafuta pa kukaa. Hakuna. Jua ikawa nyekundu kuliko gari. Mzee Ogola amesimama na fimbo, "Mkwe, sida ya jua hiyo, toka! Utatuletea mkosi!" Basi Odera, mjomba na Njoroge wakakamata viatu wakaenda kwa miguu mpaka soko ya Asembo Bay kutafuta pa kulala. Haraka kabisa. Na gari wakaiacha hapo hapo, ndani ya lango. Hatua kumi tu ilikuwa imebaki kuisukuma nje! Watu thelathini wakisukuma, na hakuna hata mmoja alifikiria. Isipokuwa Mzee Ogola. Huyo alikuwa amefikiria tangu saa kumi. Alinyamaza.

Asubuhi nikaamka nikapata wazee wamezunguka gari, vikombe ya chai imewekwa juu ya boneti kama meza. Odera na wenzake wakaja, wamejaa umande mpaka magoti. Mzee Ogola akasafisha koo. "Mkwe. Ng'ombe ya mkwe ikiingia kwa boma ya wakwe, ikakunywa maji, ikalala, nani anairudisa?"

Mjomba wa Odera akasema, "Hakuna."

"Hii imeingia?"

"Imeingia."

"Imekunywa?"

Njoroge, maskini, hajui anapelekwa wapi, akajibu, "Madumu mawiri, Mzee."

"Imelala?"

Hapo mjomba akatoa kofia. Odera akasema, "Lakini wazee, hii ni gari!" Mzee Ogola akapiga boneti na kiganja. "Si ulisema ndiyo ng'ombe zetu? Wewe mwenyewe umesema jana, ng'ombe wanne wako ndani ya hii chuma. Basi wamelala kwetu. Mahari imeanza. Kama unataka kuichukua, chukua, hakuna mtu atakufunga. Lakini mtu akirudisa mahari, anarudisa na mke. Gari itoke, msichana abaki."

Nilikuwa kwa mlango ya jikoni na sufuria mkononi. Sikungoja panya anisaidie, nilisikia na masikio mawili. Nikamwangalia Odera. Nilikuwa nangoja aseme, kaeni na gari. Neno tatu tu. Yeye akaangalia gari. Akaniangalia. Akaangalia gari. Akasema, "Wazee, mnipe siku tatu."

Siku tatu! Wakaenda Kisumu, mimi nikabaki, kwa sababu sikuwa nimejua mimi ni wa wapi. Siku ya kwanza nililia kwa moshi ili watu waseme ni moshi. Mama alikuwa anachambua omena, anatoa mawe. Akaniambia bila kuinua macho, "Baba yako aliomba siku nne." Nikamwuliza, "Kati ya wewe na nini?" Akasema, "Kati ya mimi na msichana wa Sakwa. Wewe una bahati, yako haina nywele." Ndiyo njia ya mama ya kupanguza mtu machozi. Lakini baadaye, giza ikiingia, akasema tena kama anaongea na omena, "Mimi ningependa kuona hiyo chumba yako. Wanasema uko na pazia ya maua."

Siku ya tatu hasira ilikuwa imeiva. Nikaingia ndani ya gari, pahali ya dereva, kuku akatoka. Atieno akaingia upande ingine, watoto wakajaza madirisha. Nikashika usukani, nikashusha kidevu, nikatoa sauti ya Odera kutoka chini ya tumbo: "Nyar Asembo, sikia! Sikia injini! Hii hainywi maziwa ya mtu! Mwaka ikiisha, ng'ombe kumi! Nani ameweka kidole kwa rangi? Njoo hapa, panguza! Nyar Asembo, shuka usukume, mimi nashika usukani, hii ndiyo kazi ngumu!" Atieno alicheka mpaka akalala kwa kiti. Watoto wakasema tena, tena. Nikarudia. Na nikirudia ndiyo nikajua kitu mbaya: ninajua huyu mwanaume wote, mpaka vile anavuta pumzi kabla ya kudanganya, na nitamwiga hivi mpaka nife hata asiponichukua.

Muda kidogo baadaye wakaingia lango, Odera na Njoroge, Njoroge na mfuko wa vyombo. Nikaruka nje ya gari kama mwizi. Wazee wakaitwa. Njoroge akafungua boneti, akainama humo ndani muda mrefu, na Odera kando yake, wanaongea chini chini, siwezi kusikia. Nikaona Odera anatikisa kichwa. Njoroge akafunga boneti, pole pole, kwa mikono miwili. Odera akatembea mpaka kwa baba, akampa funguo. Akasema, "Baba, haiwezi tena. Lakini ni yenu." Mzee Ogola akasema, "Ai! Mkwe ametuletea maiti!" Na baba yangu, mtu wa maneno machache, akaweka funguo kwa mfuko wa shati akasema, "Hata ng'ombe ikifa, nyama inaliwa."

Ndiyo hivyo nikaolewa. Ng'ombe zingine zilifuata mwaka baada ya mwaka, za miguu minne, na hazikuchemka. Gari ilikaa kwetu mpaka kaka zangu wakaimaliza kidogo kidogo, kiti kwa baraza, kioo kwa kinyozi. Atieno akaenda na mwalimu wake wa soksi. Na mama yangu alikuja Manyatta, akaweka kikapu chini nje, akaingia, akaketi kwa kitanda. Aliangalia pazia muda mrefu. Nikampa ugali na mbuta, si kichwa, katikati. Alikula yote, akakunywa maji vikombe viwili, akasema, "Chumba ni ndogo." Alikuwa amefurahi sana.

Lakini lile swali nilibaki nalo. Miaka zaidi ya thelathini nilimchokoza. Nyama ikiwa ngumu: "Hii ni ya ile gari?" Akikataa kuamka: "Njoroge aitwe na bisibisi." Mbele ya wageni, mbele ya pasta, mbele ya wakwe wetu sisi wenyewe: "Huyu alinioa na maiti ya gari, akaniacha nifikirie ni mapenzi." Odera alikuwa anacheka tu, anafyonza jicho ya samaki. Hakujibu hata siku moja.

Njoroge hakufika kwa mazishi, alikuwa mgonjwa huko kwao. Amekuja juzi, amezeeka, fimbo mkononi, mtoto wake akamleta. Akasimama kwa kaburi kando ya nyumba, akatoa kofia. Halafu nikampatia chakula, tukakaa mlangoni, na mimi kama kawaida nikaanza, eti fundi gani huyu alishindwa na gari moja tu maisha yake yote. Njoroge akaacha kutafuna. Akasema, "Mama, sikushindwa."

Nikamwangalia.

"Zire siku tatu turizunguka Kisumu yote. Gasketi zire turikuwa tunaweka zirikuwa za ngari ingine. Tukapata gasketi yake yenyewe kwa Mhindi mwingine wa mashindano. Irikuwa kwa mfuko wangu. Kazi ya asubuhi moja tu, Mama, na ingetoka hapo ikinguruma. Odera arikuja kuichukua."

Nikasema, "Kuchukua nini?"

"Ngari. Hivyo ndivyo arisema njia yote. Tukafika nje ya ua, tukasikia sauti yake iko ndani ya boma, na yeye yuko na mimi hapo nje. Ukawa unamwiga. Tukasimama. Aricheka mpaka akashika ua, Mama, miiba ikamchoma. Harafu hakucheka tena. Tukaingia, nikafungua boneti, nikamwambia, naanza? Akaniambia, funga. Nikisikia hii kitu inawaka, sitaweza kuiacha."

Kuku alipita kati yetu, hakuna mtu alimfukuza. Nikamwuliza Njoroge kwa nini Odera hakuniambia, miaka yote hiyo nikimtukana mbele ya watu. Njoroge akaangalia mikono yake. Grisi bado iko kwa kucha, mzee kama huyo.

"Nirimwuliza mara nyingi. Arisema, huyu akijua ataanza kuniheshimu. Harafu nitaongea na nani?"

Nikaamka, nikachukua sahani ya Njoroge nikamwongezea samaki, kwa sababu mikono ilikuwa inataka kazi. Nikatoka mpaka kwa kaburi. Udongo bado haijakaa vizuri, mvua inaivuta upande moja. Nilisimama hapo muda, nikijaribu kutafuta neno ya heshima, mke kwa mume wake. Nikatafuta. Haikuja.

"Odera," nikamwambia, "na bado hiyo gari ilikuwa mbovu."